Bosi Anataka Nywila Zetu Zote

Leo nimemkatalia bosi mbele ya ofisi nzima, na hasira bado hazijanitoka.

Mimi ndiye ninayesimamia kompyuta kwenye ofisi yetu ya kununua mboga hapa Lushoto. Asubuhi nilimaliza kuweka ulinzi kwenye seva ya barua pepe. Zamani wote tulitumia nywila moja; sasa kila mtu anaingia kwa yake mwenyewe, aliyoichagua yeye.

Bosi akatoka chumbani kwake amefura.

"Nani kakutuma? Nipe nywila za wote!"

"Shikamoo mzee. Hata mimi sizijui."

(Ndiyo, nilimwamkia. Tumelelewa.)

Akamnyooshea kidole Mwanaidi, mhasibu wetu.

"Huyu anamwandikia dada yake kule Mombo kwamba mimi ni katili, halafu nisijue?"



Jamani, barua ile Mwanaidi hakumwonyesha mtu!

Akasimama, machozi yanamlengalenga. "Kumbe ulikuwa unazisoma?"

 Bosi akanigeukia mimi: kesho nirudishe kama zamani, la sivyo nisikanyage tena pale.

Sirudishi ng'o!

Mwanaidi kahamisha kiti chake, kaja kukaa ubavuni kwangu mpaka tunatoka.

Mnaosomewa barua na mabosi wenu, semeni hapa tujuane.