Ijumaa Niliyomwona Akitembea

Tiketi nilipewa na mgeni wa chumba nilichokuwa nikisafisha, hotelini Al Mankhool. Alikuwa Mjapani mpole aliyekuja Dubai kwa maonyesho makubwa ya michezo ya video. Nilimtafutia miwani yake hadi nikaipata nyuma ya kitanda, akainama mara tatu, kisha akanipa tiketi. Mimi na michezo wapi na wapi? Lakini Ijumaa ni siku yangu ya mapumziko, na nilikuwa nimechoka kukaa Al Qusais nikisikiliza wenzangu wa chumba wakikoroma. Nikaenda.

Sikupapenda. Watu wazima walikuwa wamevaa mapembe na vinyago, wanapita bila kusema neno. Ukiwatazama wanasimama wapigwe picha, halafu wanaendelea kimya. Mmoja aliyefunikwa kitambaa cheupe uso mzima alisimama mbele yangu mpaka nikamwambia, "Bwana, nipishe." Alisogea polepole, kama mtu anayesukumwa. Nilijidai nimekasirika, lakini niliogopa.

Nikaingia kwenye kibanda chenye mapazia meusi kwa sababu kilikuwa na kiti na kilikuwa kimya. Dada mmoja Mfilipino akanionyesha kitufe cha kutembea, akasema nina dakika kumi, akafunga pazia. Kwenye skrini palikuwa na soko la mji usiokuwepo duniani. Watu wanauza, wanabishana. Nikatembea. Karibu na meza ya vyungu akapita mwanamke mwenye kikapu, nami nikakiachia kitufe.

Alikuwa mwenzangu wa kitanda cha juu, aliyekufa miaka miwili nyuma.

Usiniambie habari ya kufanana. Kovu la kwenye nyusi lilikuwepo. Kisigino cha kulia alikiburuta vilevile, na kabla ya kukata kona aligusa sikio. Ndipo nikakumbuka. Kabla hajaugua, ajenti mmoja alikuja tunakolala akitafuta sura za watu wa kila aina. Alimpeleka studio, akazungukwa na kamera, akaambiwa tembea, cheka, kasirika, anguka. Alirudi akituchekesha: "Dubai ina mambo. Nimelipwa kwa kutembea tu." Hatukuuliza picha zinakwenda wapi.

Kulijua hilo hakukunisaidia chochote. Nilimfuata. Alizunguka meza, akagusa sikio, akakata kona, akarudi na kikapu chake kitupu, akaanza upya.

Hapo simu ikalia mara moja ikakatika. Mama yake. Kila Ijumaa huniflash hivyo, nami humpigia, na swali lake ni moja: "Mwanangu, hujamwona?" Sanduku la maiti lilifika kwao limefungwa, na barua inayokataza lisifunguliwe. Wanaume wakazika. Yeye akakataa kulia. Alisema hawezi kulilia mbao. Ili apumue kidogo, nilimwapia kwamba mimi nilimwona hospitalini kwa macho yangu, amelala vizuri. Uongo mtupu. Siku ile nilikuwa zamu, supavaiza akaniambia khalas, amekwisha, rudi kazini. Nikarudi kazini.

Ulimi hauna mfupa. Nilipompigia, kabla hajauliza, nikasema, "Mama, ninamwona."

Akauliza, "Yuko wapi?"

Nikajaribu kumweleza kwamba ni mashine, ni picha tu, kama ya televisheni.

"Anatembea?"

"Anatembea."

"Na yule uliyemwona amelala?"

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. "Nilikudanganya, mama. Sikumwona. Sikupewa ruhusa ya kwenda."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane. Akasema, "Nisogeze karibu naye."

Nikaweka spika, nikashika simu mbele ya skrini. Akamwita kwa jina nisilolijua, la utotoni nadhani, kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula. Mwenzangu akafika kwenye vyungu, akasimama. Naapa alisimama. Mkono ukapanda sikioni. Nilijua akigeuka nitakimbia na kuacha hata viatu, na bado nilitaka ageuke. Mama akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu.

Mwenzangu akakata kona.

"Amegeuka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na angelala nalo vizuri, na kesho yake angeanza kumngoja tena.

"Hapana, mama. Hajageuka."

"Na nimemwita."

"Umemwita, mama. Nimekusikia."

Ndipo akalia. Kilio kirefu cha msiba, kile cha kwetu, alichokikataa miaka yote miwili, kikatoka kwenye simu yangu kikajaa kibanda. Nje ya pazia watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea karibu ili wasikie vizuri, wakidhani ni sauti ya mchezo.