Dirisha Kabla ya Magadi

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, mvua nyembamba ikinyunya Kapsoya, mtaa wa Eldoret, tangu alfajiri, nami nimefungiwa chumbani kama kuku wa mgeni. Usicheke. Kuku wa mgeni hufungiwa mapema ili saa yake ikifika asitafutwe, na siku hiyo saa ilikuwa yangu. Watu wa Barasa, kijana aliyetaka kunioa, walikuwa wanakuja kujitambulisha kwa baba yangu. Kwetu sisi Wabukusu, msichana hakai sebuleni akisikiliza wazee wakimjadili. Hukaa ndani mpaka senge yake, yaani dada ya baba, aje amshike mkono amtoe.

Shida ni kwamba bahari yangu ilikuwa sebuleni.

Naona umeshangaa. Ngoja nikueleze. Nilikuwa nimeajiriwa katika duka la samaki wa mapambo pale mjini. Mwenye duka alipohama, watu walichukua samaki wote wa maji matamu, lakini tangi moja la maji ya chumvi, lenye matumbawe na samaki wawili wa rangi ya machungwa, halikupata mtu. Nani anataka kufuga bahari huku juu, kwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa? Mimi nikalitaka. Nikalibeba, nikajifunza kulichanganyia chumvi yake kwenye maji yaliyochujwa, kulipasha joto usiku, na kuyapima maji yake kila Jumamosi kwa chupa ndogo na matone ya dawa. Matumbawe ni wanyama, mwanangu, ingawa yakifurahi huchanua ungedhani ni maua. Maji yakiharibika kidogo tu, yanajikunja. Wanasema ukiona vyaelea vimeundwa, na mimi nililiunda lile tangi kwa jasho. Baba alikuwa akiwaambia majirani, "Wenzangu wasichana wao wanafuga kuku. Wangu anafuga maji." Lakini mgeni akiingia, yeye ndiye wa kwanza kumvuta mkono aende akaone.

Basi habari ilikuwa imefika kwa kina Barasa. Mzee Makokha, baba yake mkubwa na msemaji wa ukoo, alisema mke huja na nguo zake na tabia zake nzuri, haji na bahari. Nami nikamwambia Barasa, bila kupepesa macho, nakuja na tangi langu au siji. Nilikuwa na kichwa kigumu, na bado ninacho, muulize mtu yeyote wa hapa Kapsoya. Baba akaniunga mkono: anayekataa tangi amekataa msichana. Mzee Makokha akatuma neno kwamba hatabishana na kitu ambacho hajakiona. Atakuja, atalitazama kwa macho yake, ndipo aseme ndiyo au la.

Kwa hivyo unaelewa jinsi roho yangu ilivyokuwa juu. Nilimpenda Barasa, tena sana, sina haya kusema. Na ndoa yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye yale matumbawe. Yachanue, niolewe. Yajikunje, basi.

Asubuhi yalichanua vizuri ajabu! Nililala nikaamka nikayakuta yamefunguka kama vidole vya mtoto anayeomba kubebwa. Nikafuta kioo, nikavaa, nikajifungia.

Wageni wakaja kabla ya saa sita, chumba kizima, wametoka upande wa Bungoma ambako watu hawajui baridi. Niliwasikia wakisugua mikono. "Huku kwenu ni ndani ya friji!" mmoja akalia. Baba yangu ni mtu wa ukarimu. Akafunga madirisha yote, akaagiza jiko la mkaa, lile kubwa, likaletwa linawaka mpaka katikati ya sebule. Mzee Makokha, kwa heshima ya miaka yake, akawekwa karibu nalo. Mlango ukafungwa. Kisha maneno yakaanza, taratibu, kama ilivyo desturi, kwa salamu za mifugo na za mvua na za kila mtu aliyezaliwa au kufa tangu zamani.

Mimi huku chumbani nasikiliza kwa ukuta. Mwanzo vicheko. Baadaye vicheko vikapungua. Baadaye zaidi nikasikia sauti ya Baba ina makali, na Baba si mtu wa makali.

Senge Nasimiyu akaingia. Senge yangu alikuwa mwanamke mrefu, muuzaji wa nguo soko la Ziwa, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Siku hiyo alikuwa ananong'ona.

"Nafula, maua yako yamelala."

"Yamelala vipi?"

"Yamejikunja. Mzee Makokha amesema yanafanana na uyoga wa jana. Na wale samaki wanapumua mbio mbio."

Mwanangu, nilikimbilia mlango, nikasimama. Kutoka siruhusiwi. Nikamwomba Senge aniletee maji ya tangi kwenye kikombe. Akatoka, akachota, akakificha kikombe chini ya leso, lakini mzee mmoja akamwona. "Mama, hayo ni ya kumwogeshea bibi arusi?" Senge akamjibu kuwa bibi arusi alishaoga, mzee mwenyewe ndiye angenawa uso maana anasinzia. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kizito, cha watu waliochoka.

Nikatoa vipimo vyangu chini ya kitanda. Cha kwanza ni kile cha asidi, ambacho nyinyi wa shule mnakiita pH. Unatia matone, unatikisa, unalinganisha rangi na kadi. Maji mazuri ya bahari huelekea zambarau. Yangu yalikaa rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikarudia. Chai ile ile. Yalikuwa yamechachuka kwa nusu siku tu!

Nikachukua kipimo cha pili, cha kujua kama maji yana nguvu ya kuizuia hiyo asidi. Tone, tikisa, tone, tikisa. Hiki kikabadilika rangi kwenye tone lile lile la kila Jumamosi. Yaani kipimo kimoja kinasema maji yanaumwa, na kingine kinasema maji hayana kasoro. Ningetulia, ningejiuliza: inawezekanaje mashahidi wawili waseme tofauti na wote ni wakweli? Lakini mwenye hofu huchagua shahidi wa kumtia hofu zaidi. Cha pili nikakisukuma kando.

Sasa sikiliza ujinga niliopanga. Jikoni kulikuwa na mboga ya mrenda inapikwa, na sisi hatupiki mrenda bila magadi. Akilini mwangu: asidi ni uchachu, magadi yanaua uchachu, hata kunde ngumu hulainika. Nikamwita binti ya Senge mlangoni, akaniletea konzi ya magadi na kikombe cha maji ya moto, nikaikoroga humo mpaka ikawa uji wa kijivu. Nikampa Senge. "Nenda ukamwage yote ndani ya tangi. Haraka!"

Senge akakishika kile kikombe, akakinusa, akanitazama. Hakujua lolote kuhusu vipimo, hilo aliapa mpaka alipozeeka. Lakini yeye alikuwa anatoka sebuleni, na mimi sikuwa nimefika huko.

"Nafula," akasema, "kichwa kinanigonga. Baba yako ameuliza swali moja, akajibiwa, akaliuliza tena. Mzee Makokha anasinzia katikati ya maneno yake mwenyewe. Hao nao utawatilia magadi?"

Nikamsukuma aende, hakusogea.

"Mimi nakuuliza wewe mwenye bahari. Wanyama wa majini wameumwa na watu wa sebuleni wameumwa, saa moja. Wanakunywa maji mamoja hawa?"

"Hapana, Senge."

"Basi ni nini wanachokula pamoja?"

Jibu lilinijia nikaona aibu. Hewa! Kumbe maji hunywa hewa ya chumba mwanangu, tangu asubuhi hadi jioni, bila kupumzika. Chumba kimejaa watu, madirisha yamefungwa, mkaa unawaka, na ile hewa nzito inaingia kwenye maji na kuyachachusha. Nguvu ya maji haikupungua hata tone, ndiyo maana kipimo cha pili kilisema kweli. Ningemwaga yale magadi, ningeyachoma matumbawe yangu yote mbele ya wageni. Na mkaa, Mungu anisamehe nilivyochelewa kuliwaza hilo, una sumu yake nyingine isiyo na harufu, inayomlaza mtu asiamke.

Senge hakungoja nimalize kufikiri. Alikiweka kikombe chini, akaingia sebuleni, na sasa ile sauti ya kuita ng'ombe ikarudi. "Madirisha! Fungueni madirisha! Mlango pia!" Nikamsikia Baba akilalamika kwamba wageni watasikia baridi. "Waache wasikie," Senge akamjibu, "asiyesikia baridi ni maiti!" Akalikamata jiko kwa leso yake, likatoka nje linatoa cheche kwenye mvua.

Watu wakainuka wakitoka, wanayumba, wanacheka bila kujua wanacheka nini. Mzee Makokha akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Akajaribu tena. Kupitia ufa wa mlango nilimwona Senge akimwinua upande mmoja, na upande wa pili hakuna mtu.

Nikatoka, mwanangu. Sikuitwa, sikushikwa mkono, nilitoka tu na kanga kichwani, nikamkamata mzee kwapani, tukamtembeza hadi barazani. Mvua ikampiga usoni. Alivuta pumzi, akakohoa, akavuta nyingine. Rangi ikaanza kumrudia. Akanigeukia.

"Na huyu ni nani?"

Senge akafunga macho, maana mila ilikuwa imevunjika vipande vipande. Nikasema, "Mimi ndiye mwenye maji, Mzee."

"Hujaitwa bado."

"Ndiyo, Mzee. Naomba radhi."

Akanitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka kofia ikamwanguka. "Ningengoja uitwe," akasema, "ningekuwa nimeitwa mimi!" Hapo baraza zima likaangua kicheko. Barasa alikuwa kwenye ngazi, anatazama pembeni kama kijana mwenye adabu, lakini mabega yanatetemeka.

Nikarudishwa chumbani, mila ni mila. Chakula kikaandaliwa nyumba ikiwa wazi kila upande, wageni wamejifunika mablanketi yetu yote, wanakula kuku kwa ugali na kutukana baridi ya Eldoret kwa furaha. Vichwa vikapoa. Na maneno, ambayo yalikuwa yameanza kuchacha, yakarudi kuwa matamu. Baba na Mzee Makokha walikuwa karibu kugombana kumbe bila sababu yoyote. Hewa tu.

Walipokuwa kwenye chai, tumbawe moja likatoa vidole. Kisha la pili. Kufikia saa ya Senge kuja kunishika mkono kihalali, nilipotolewa mbele ya watu kwa vigelegele, mzee alikuwa amesogeza kiti mpaka kwenye kioo, blanketi mabegani, hanitazami hata kidogo. Nikampigia magoti nikimsalimu. Akanielekeza kwa kidole kwenye tangi.

"Hawa walijikunja kabla yangu," akasema. "Mimi nikawacheka. Kumbe walikuwa wananiambia." Akageukia watu wake. "Nyumba ya kijana wetu haina kitu cha kumwonya mtu namna hii. Msichana na aje na bahari yake. Tena bahari itangulie, yeye afuate!"

Nililia mbele ya watu wote, na sikujali. Hakuna aliyenikataza.

Sasa, mwanangu, nimekueleza haya yote kwa sababu nimeona zile chupa ulizopanga chini ya tangi lako jipya. Ya kupandisha hiki, ya kushusha kile. Sikatai kupima. Pima, tena pima kwa utaratibu, siku ile ile, mkono usiotetemeka, maana kuuliza si ujinga, na kupima ni kuyauliza maji. Lakini ukishauliza, sikiliza jibu lote. Vipimo viwili vikipingana usimfukuze shahidi asiyekupendeza. Keti kwanza. Tembea nyumbani mwako ujiulize ni nini kimegeuka tangu jana: nani amefunga dirisha, nani amewasha mkaa, nani ameingia, nani ametoka. Mara nyingi hakuna kilichopungua majini hata kidogo cha kuhitaji kuongezwa. Na kabla ya hayo yote watazame watu, maana mtu akiinama kutazama samaki anaweza kumkosa mzee anayezimika nyuma yake.

Hata kwenye ndoa ni hivyo. Barasa nami tumekosana mara nyingi, wacha nisikudanganye. Siku hizo huwa tunaulizana kwanza: umekula? umelala? nani amekuudhi kazini? Mara nyingi ugomvi huishia hapo hapo, bila dawa ya mtu.

Haya, nenda. Mungu akupe macho ya kuona kabla hujachovya mkono. Akupe mtu wa kukukatalia unapokosea, na moyo wa kumshukuru siku hiyo hiyo. Nyumba yako ijae wageni hata viti visitoshe, na kila aliyeingia kwa miguu yake atoke kwa miguu yake, ameshiba, anaimba.