Kangaga la Chumba Chetu

"Hii usiiweke juani, mama," muuza miche wa kando ya barabara aliniambia leo, akininyooshea kangaga la kijani kibichi. "Inataka kivuli na unyevu tu. Mwaka mzima haikauki."

Sikulinunua. Harufu ya ule udongo mbichi ilinirudisha kwenye chumba chetu cha Kaloleni, ukuta wake ukitoka jasho, na kangaga la mama likiwa dirishani ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Majirani waliomba vipande wakapande kwao, vikanyauka. "Imependa nyumba yetu," mama alikuwa akisema, akicheka.

Mdogo wangu alikuwa akikohoa tangu mvua ya Aprili. Muuguzi alisema ahamishiwe mahali pakavu, penye jua. Baba aliomba nyumba nyingine kwenye ofisi ya nyumba za manispaa, akaambiwa angoje. Tulingoja.

Tuliporudi kutoka kumzika, kangaga lilikuwa limetoa jani jipya, bado limejikunja kama ngumi ya mtoto. Nilidhani mama atalitupa nje. Alichota maji kwa kikombe cha mdogo wangu, akalimwagilia taratibu, mpaka kikombe kikawa kitupu.