Nilimkataa Mchekeshaji Bila Kumwona, Kisha Nikampa Fimbo Yangu

Admin, ficha jina langu, ingawa hapa Juba, mtaa wa Munuki, ukiuliza mzee mbishi anakaa wapi, hata mbuzi watakuonyesha lango.

Nina miaka sabini na minne. Vita vimekuja vikapita nikiwepo. Wake wawili nimewazika. Malori matatu yamefia mikononi mwangu katika njia ya Mombasa mpaka Juba, na mimi bado nipo na meno yangu. Shule niliishia darasa la tatu, Kiswahili nilikiokota barabarani, na maneno haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Kwa hiyo msinicheke. Au chekeni, maana shida yangu imetoka hukohuko kwenye kucheka.

Binti yangu wa mwisho ni muuguzi. Ndiye anayekaa na mimi. Kila jioni akitoka kazini ananiwekea kwenye simu wachekeshaji, watu weusi wenzetu, wa Kampala, wa Nairobi, wa Lagos, mpaka wa Amerika. Lakini mimi nina sheria: akitukana, zima. Akianza habari za chumbani, zima. Mtu anayejua kazi atanivunja mbavu kwa habari ya mama yake na sufuria, na mjukuu wangu akiwa amekaa hapohapo. Mimi nikicheka, jirani anajua. Katika mtaa huu hakuna anayenishinda kwa kucheka.

Sasa mwezi uliopita wakaja wajomba wa kijana anayemtaka binti yangu. Kwetu mchumba haji mwenyewe. Hafiki mbele ya baba wa msichana mpaka mambo yakubaliwe, ni aibu. Wanakuja wakubwa wake. Aliyewaongoza ni mzee mmoja mwenye kofia nyekundu. Nikauliza, "Huyo kijana wenu anafanya kazi gani?"

Kofia nyekundu akasema, "Anachekesha watu."

"Mbona mimi sijacheka?"

Wakatazamana. Nikawaambia kucheka ni kucheka na kuoa ni kuoa. Mimi nimelea mtoto kwa usukani, simpeleki kwa mtu anayekula kwa mdomo. Kalas, imekwisha! Waliondoka hata chai hawajanywa. Binti yangu aliosha vikombe visivyo na uchafu, akaniambia, "Yaba, hata jina lake hukuuliza." Nikamjibu la nini.

Tangu siku hiyo hakuniwekea simu. Alikuwa ananipa chakula, dawa, maji ya kuoga, kila kitu, lakini hakuna kicheko nyumbani. Mimi mtu wa kelele, nikaanza kuzunguka kiwanja kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Jumapili moja baada ya misa akasema, "Yaba, twende ukumbi wa Nyakuron. Kuna wachekeshaji leo mchana, wale wasafi unaowapenda, kanisa zima linaenda." Nikavaa koti. Nikachukua fimbo yangu ya mpingo.

Ukumbi ulijaa. Masista, watoto, kina mama na vikapu vyao. Wa kwanza alikuwa wa kawaida. Wa pili akapanda, mrefu, mwembamba, shati jeupe. Akasema, "Ndugu zangu, mimi nimekataliwa na mzee ambaye hajawahi kuniona! Hata mbuzi wa soko la Konyo Konyo, mtu anampapasa mbavu kwanza ndiyo aseme amekonda!"

Watu wakaanguka. Mimi wa kwanza.

"Mzee akauliza kazi yangu. Akaambiwa nachekesha watu. Akasema, mbona mimi sijacheka?"

Jamani, nilijipiga gotini kwa mkono, machozi yakatoka. Nikamwambia katekista aliyekaa kando yangu, "Huyo mzee ana akili! Ningejibu hivyohivyo!" Katekista alinitazama sana. Nikadhani anashangaa jinsi ninavyocheka.

Kijana akaendelea, hakuna tusi hata moja, mpaka nikasimama bila kujua nimesimama. Nilitaka kumpa kitu. Mfukoni hamna. Nikapanda jukwaani nikampa fimbo yangu.

Kwetu mzee haachi fimbo yake hivihivi. Anampa mwanawe, au mume wa binti yake. Mimi najua. Lakini kicheko kilikuwa kimenishika shingoni. Kijana akapiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili, macho chini. Huyo aliyekuwa na maneno yote yale! Halafu kule mbele mtu akasimama, akapiga kelele ya furaha kama ya harusi. Kofia nyekundu.

Njiani nikamwambia binti yangu, "Umenitega."

Akasema, "Yaba, mimi nilikuleta ucheke tu. Fimbo sikukuambia utoe."

Sasa wajomba wametuma habari. Jumamosi wanarudi, na safari hii wanakuja na fimbo. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kurudisha neno langu, hata polisi wa mpakani wananijua. Lakini fimbo iliyotolewa mbele ya watu haiombwi tena. Nikiiomba, nitakuwa nimemtukana binti yangu mbele ya kanisa lote. Nikikaa nasimama. Nikisimama natafuta fimbo, haipo. Jana nimetembea mpaka Konyo Konyo na kurudi bila kununua hata kitunguu. Na kibaya zaidi, nikikumbuka ile ya mbuzi, nacheka peke yangu.

Ninyi mliosoma, na ninyi mlio na mabinti, niambieni kabla ya Jumamosi: nimeze neno langu, au nimeze aibu niiombe fimbo yangu?

Anayesema natunga, amuulize katekista wetu. Amuulize yule mama Mganda wa chapati hapa kwenye kituo cha bodaboda, ndiye aliyenishika mkono nikishuka jukwaani bila fimbo. Amuulize na kofia nyekundu akipenda. Binti yangu tu msimuulize. Jana jioni, bila mimi kuomba, ameniwekea simu tena, na bado hajanitazama usoni.