Taa ya Bafuni

Masika yale nyumba yetu ya Kilosa ilinuka utepe mweusi wa kufungia nyaya, ule wenye gundi kama lami. Tulikaa nyuma ya stesheni, kwa kuwa baba alikuwa akiunganisha mabehewa, na umeme ulifika sebuleni tu. Bafu lilikuwa uani: nguzo za miti, mabati pande zote, sakafu ya saruji isiyokauka. Mama alikuwa na mimba iliyokaribia siku zake. Akishajifungua angekandwa kwa maji ya moto alfajiri na magharibi, kama ilivyo desturi, na baba hakutaka mkewe akandwe kwa mwanga wa koroboi. Akanunua waya, akautoa sebuleni, akaupitisha juu ya ua sambamba na kamba ya kuanikia nguo, kisha akauingiza bafuni kupitia tundu alilolitoboa kwenye bati kwa msumari. Fyuzi ilikuwa ikikatika mara kwa mara, basi mahali pake alifunga kipande cha waya mnene, na haikukatika tena.

Jirani yetu, Mzee Chande, alisimama uani akimtazama juu ya ngazi. "Bwana wee, umeme umesomea lini?"

"Kusomea nini? Waya zenyewe mbili tu. Moja inakwenda, nyingine inarudi."

"Na isiporudi?"

"Utakuja kunipa pole."

Wakacheka, nami nikacheka kuliko wao, maana niliamini hakuna kazi iliyomshinda baba yangu.

Mvua zilipozidi, bati lilianza kutekenya. Ndivyo tulivyosema sisi watoto. "Twendeni tukatekenywe!" Tulipanga foleni na kandambili zetu miguuni, kila mmoja akagusa bati kwa ncha ya kidole na kukimbia akipiga kelele, na aliyeogopa aliitwa mwanamke siku nzima. Nilimwambia baba. Akagusa, akatikisa mkono, akatabasamu. "Umeme mdogo tu umevuja. Mvua ikikatika utaacha." Maneno yale yalinitosha. Sasa najua kwamba ule waya ulikuwa umechunwa na makali ya lile tundu, na kwamba mpira wa kandambili ndio uliotukinga hata tukacheka. Nilipofika kidato cha pili mwalimu alichora njia ya umeme ubaoni, akaeleza maji hufanya nini. Nilitoka nje kabla hajamaliza.

Mama alijifungua mtoto wa kike, na bibi, mama yake mama, akaja kumkanda kutoka Ulaya, kijiji cha humo humo wilayani Kilosa. Alifika na matope hadi magotini, furushi la majani kichwani, akaitikia shikamoo zetu moja moja kabla hata ya kuketi. Jioni moja baba akiwa kazini, nilimwona bibi amesimama mlangoni mwa bafu akisugua kiganja kwenye kanga. Mama alikuwa ameshaketi ndani, juu ya kigoda cha mti.

"Mjukuu wangu, hili bati vipi? Limenichoma kama upupu."

"Linatekenya tu, bibi. Ni kawaida. Baba anajua."

"Haya. Mambo yenu ya mjini hayo." Alivua kandambili asije akateleza, akabeba ndoo ya maji ya moto, akaingia.

Sikusikia yowe la bibi. Nilisikia ndoo ikianguka, kisha mama akiniita kwa jina na kupiga kelele, "Zima! Zima!" na mimi nikasimama pale pale kama mti. Mzee Chande ndiye aliyeruka ua na mchi wa kinu, akaupiga waya mpaka ukang'oka. Bibi alikuwa ameegemea bati kwa mkono mmoja, kitambaa cha kukandia kikiwa bado kinafuka mvuke kwenye mkono wa pili. Kile kigoda kilimwokoa mama. Aliisindikiza maiti hadi Ulaya akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na hakurudi tena. Baba alimfuata mara nyingi, akarudi peke yake mara zote. Mimi nilibaki naye kwa ajili ya shule.

Leo naishi Mikumi kwa Zuhura, yule mtoto mchanga, ambaye sasa ana wajukuu. Bafu lake lina vigae na bomba linalochemsha maji lenyewe. Fundi alichimbia chuma ardhini cha kupokea umeme unaovuja, akapima kila soketi ya ukutani kabla ya kuruhusu mtu aoge. Vijana wa mtaani wanaunga nyaya zao kwa kutazama simu, na nikiwakataza wananiambia, "Mzee, siku hizi kuna swichi zinajizima zenyewe." Huenda ni kweli.

Mama alipofariki, baada ya arobaini, nilimweleza Zuhura nilichomjibu bibi pale mlangoni. Aliendelea kuchambua mchele.

"Kaka, mama alijua. Bibi aliingia akimwambia, 'Mjukuu wangu anasema ni kawaida.' Mama alinikataza nisikuulize."

Kila likizo nilipokwenda Ulaya, mama alinichemshia maji kwa kuni, akaniwekea nyuma ya nyumba, nami nikayapokea bila kumtazama usoni. Nilidhani ninamficha jambo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinisitiri, na sasa nyumba zina kila kitu cha kumkinga mtu na umeme, nami sina tena wa kumwomba radhi.