Paka wa Mama Hoza

Sisi tuliokulia juu kule Magamba, kabla nyaya za umeme hazijaupanda mlima, hatukuwa na paka wa kupiga naye picha. Paka alikuwa mfanyakazi. Alilala darini juu ya mahindi, akashuka jioni kuota moto pamoja nasi, na panya wakitoboa gunia mama alimkaripia kama alivyotukaripia sisi tukirudi na matope baada ya kucheza kombolela kwenye ukungu. Wa kwetu tulimwita Shangazi, kwa sababu aliingia bila hodi na kukagua kila sufuria.

Nilipokuwa darasa la tano, Shangazi alianza kulia mchana. Tulirudi kutoka shuleni vidole vimekufa ganzi kwa baridi, tunawaza makande tu, tukamkuta anazunguka chumba hadi chumba akiita. Baba alisema anataka mwenzake. Mama hakutaka kusikia.

"Leo anataka mwenzake, kesho atataka blanketi," alisema. "Paka wawili watachezeana tu, mahindi yaliwe."

Walibishana wiki nzima. Kisha asubuhi moja akaja Mama Hoza, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ambaye kwake ndiko nilikotumwa kuomba makaa kila moto wetu ulipozimika. Alikuwa na kitoto cha paka ndani ya kanga, cheupe, chenye doa jeusi puani.

"Mama Eliza, nimesikia paka wenu mpweke. Mchukue huyu. Sitaki kitu."

Hilo "sitaki kitu" ndilo lililoharibu. Mama alikuwa mtu ambaye, akiongezewa kabichi sokoni Soni, aliigeuza kutafuta mdudu. Alipokea kwa sababu baba alikwisha kumbeba yule paka kifuani. Mgeni alipoondoka tu, mama akasema, "Mtu hatoi paka mzima bure. Ana kasoro, na yeye anaijua."

Tulimwita Doa. Siku za kwanza Shangazi alivimba manyoya na kumzaba makofi kila aliposogea. Baadaye akaacha. Mchana hakulia tena. Lakini mama aliendelea kumwangalia Doa kwa jicho la pembeni, akawa anahesabu vifaranga wake asubuhi na jioni.

Kweli vifaranga wakaanza kupungua. Alipotea mmoja, wakafuata wawili. Siku ya tatu mama akamkuta Doa mlangoni, nyoya limemnasa kwenye sharubu.

"Nilisema! Amemlia vifaranga wake kule, akamshinda, ndipo akaniletea mimi."

Baba alijaribu kumtetea, akaambiwa anyamaze. Nikapewa kapu na ujumbe: nikamwambie Mama Hoza mlaji wake huyu hapa, na vifaranga wetu asiwasahau. Nilivuka kijito nalia. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamwamkia shikamoo, nikarudia maneno yote kama nilivyotumwa, maana enzi hizo mtoto hakuthubutu kupunguza ujumbe. Mama Hoza alifunua kapu, akamtoa Doa, akamweka mapajani.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nenda nyumbani."

Toka siku ile sikutumwa tena makaa kwake. Moto ukizimika, nilipanda hadi kwa mjomba, mbali, na makaa yalifika nusu yamekuwa majivu. Mama na Mama Hoza wakikutana njiani walisalimiana kama watu wanaongoja gari. Na Shangazi akarudia kulia mchana, akisimama pale pale Doa alipokuwa analala.

Vifaranga nao wakaendelea kupotea.

Jumamosi moja baba alihamisha rundo la kuni nyuma ya banda. Akachomoka nguchiro, akakimbilia porini. Chini ya kuni tukakuta shimo limejaa manyoya ya vifaranga. Mama akanawa mikono, akajifunga kanga safi, akaniambia, "Twende. Wewe ndiye uliyepeleka maneno yangu."

Tulimkuta Mama Hoza jikoni kwake. Doa alikuwa amejikunja pembeni ya mafiga. Mama alisimama mlangoni, mimi nyuma yake.

"Nimekuja kukuomba yule paka," alisema.

"Paka nitakupa," Mama Hoza akajibu bila kuinuka. "Ila kwanza niambie, mbele ya huyu mtoto, ulinidhania nini."

Mama alishika mwimo wa mlango.

"Nilidhani umenitupia mzigo wako."

"Na leo?"

"Leo naona aibu."

Mama Hoza akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa basi. Chai inachemka."

Wakanywa, wakaongea habari za mvua na viazi, na mimi nikarudi nimempakata Doa. Shangazi alimpokea kwa makofi upya, kama hawajawahi kuonana. Hawakuwa marafiki wa kulambana. Walilala gunia moja, migongo imegusana, na hiyo ilitosha.

Sasa ninaishi Lushoto mjini na nina paka mmoja anayelala kwenye kochi. Panya anawaona kwenye televisheni. Binti yangu amesoma kwenye simu kwamba paka huyo ana upweke, na katika kundi lake la mtandaoni kuna mtu anatoa kitoto cha paka bure. Nilipouliza ni nani, akanionyesha picha ya ua jekundu, hakuna sura wala jina. Nikauliza anakaa wapi, ni mtoto wa nani, kwa nini hataki kitu.

"Mama, na wewe! Tunakutana stendi, ananipa, tunaondoka. Unamdhania nini mtu hata hamjuani?"

Hapo hasa ndipo ninaposhindwa kumweleza. Wasiwasi ninao kama alivyokuwa nao mama, lakini mama alijua njia ya kwenda kwa aliyemdhania vibaya, na alijua atakuta amekaa wapi jikoni. Mimi nikimkosea huyu mwenye ua, nitavuka kijito gani?

Nimemwambia binti yangu aandike kwamba paka tutamchukua, ila tungependa kwanza kufika nyumbani kwao, tukae, tunywe hata chai. Aliandika huku anacheka. Leo ni siku ya nne. Ujumbe umesomwa, na hakuna aliyejibu.