Katsuva Hakumlaani Muzee Mbusa

Uongo mtupu. Katsuva hakumlaani babu yake, wala hakuna laana iliyomrudia. Katsuva mwenyewe alikufa mwaka 1981 kwa ugonjwa wa ini, kama daktari alivyosema, na hao waliopika maneno mengine pale soko la Nyakasanza hawakuwahi kumpelekea mgonjwa hata kikombe cha uji.

Kaswera, mjane wake, aliyasikia maneno hayo miaka mitatu, akayapita kama mtu anavyopita tope: kitenge juu, macho mbele. Mwanamke aliyesomea ualimu kwa masista hajibizani na wauza majani ya sombe. Lakini safari hii maneno yalimwingilia nyumbani. Watu wa Komanda walikuja kumposa binti yake, Bibiane, na kabla chai haijapoa msemaji wao, Donatien, akakohoa.

— Mama, utatusamehe. Tunasikia baba ya huyu mutoto alimutukana babu yake mbele ya jeneza. Siye tunaogopa kuoa laana.

— Alimtukana kwa maneno gani?

— Eti muzee iko muchoyo. Eti sasa watu watalala vizuri.

— Na weye ulikuwako?

— Hapana, Mama.

— Basi umebeba uchafu wa midomo ya watu ukaja kuutua juu ya meza yangu.

Katsuva, mwalimu wa fasihi, ndiye wa kusingiziwa hivyo! Mtu aliyewachosha wanafunzi wake kwa neno moja: kabla hujaniambia mwandishi amesema nini, niambie amesema kwa uso gani. Amenuna? Anacheka? Anacheka huku moyo unamuuma?

Katika ukoo wa Mbusa, mjukuu humtania babu yake mpaka siku ya kumzika. Mzee asiyetaniwa amezikwa kama mpita njia. Kwa hiyo Muzee Mbusa alipofariki, mwaka 1978, Katsuva aliandika utani wake, akiandika na kufuta machozi. Asubuhi ya mazishi malaria ikamlaza. Karatasi ikachukuliwa na kaka yake, Constant, katekista, naye akausoma utani ule kwa sauti ya Ijumaa Kuu. Hakuna aliyecheka. Wageni waliotoka Mahagi, wasiojua desturi hiyo, walitazamana, wakarudi kwao na habari.

Kaswera aliwaeleza wale wa Komanda hayo yote, kisha akasimama. Aliyajua maneno yale kwa moyo.

— Sikilizeni jinsi yalivyosomwa.

Akayatamka polepole, uso umekauka kama wa hakimu: "Nenda, muzee muchoyo. Hata kifo umekula peke yako. Leo nyumba italala bila kukoroma kwako. Kesho nani atatuamsha?"

Donatien alijikunja kitini.

— Sasa sikilizeni jinsi yalivyoandikwa.

Akashika kiuno, akainua kidevu, akaanza kwa madeko ya mtoto anayedai muwa kwa babu yake. "Nenda, muzee muchoyo!" Kwenye kifo alimkemea marehemu kwa kidole. Kwenye kukoroma alikoroma kabisa, mwanamke mzima mbele ya wakwe. Alipofika "Kesho nani atatuamsha?" sauti ilimkatika, na hakuigiza.

Shangazi wa bwana harusi, bibi kizee aliyekuja na Donatien, alijipiga paja akicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

— Huyu alimupenda muzee wake, weye Donatien! Laana iko wapi hapa?

— Maneno ni yale yale, — alisema Kaswera. — Hata moja sikubadilisha.

Donatien aliinamisha kichwa.

— Tumekosa, Mama. Tutaoa hapa. — Angeishia hapo angefanya vizuri. — Lakini huyu Constant, naye si mujukuu? Desturi alikuwa anaijua. Sasa kwa nini alisoma vile?

Bibiane, aliyekuwa akiingia na sinia, alisimama mlangoni. Kaswera alimkazia Donatien macho mpaka mgeni akatazama viatu vyake. Constant alikuwa angali anasoma masomo kanisani kila Jumapili, na watoto wake walibeba jina la Mbusa, sawa na Bibiane.

— Mumekuja kuposa, ao mumekuja kufukua makaburi? Nimesema ya mume wangu. Ya wengine wa ukoo huu sisemi.

— Lakini Mama, kidogo tu…

— Sisemi. Kunywa chai.